Boko-boko la Nadhiri

Rajab ikikaribia miguu yangu haitulii. Nakaa, nasimama, nafungua friji wala sijui natafuta nini, naifunga. Mume wangu keshazoea. Hunambia, "Mwezi wako huo umefika," kisha akarudi kwenye simu yake. Lakini mwaka huu imezidi. Juzi jirani yangu hapa Al Khoudh, Maskati, alipika boko-boko, ile ngano inayosongwa na nyama, harufu ya samli ikaruka ukuta ikanikuta nyuma ya nyumba naanua nguo. Binadamu wengine wakiisikia harufu ile huona njaa. Mimi niliona wahaka. Nikaziacha nguo kwenye kamba, nikachukua funguo za gari, nikenda kwa Baba kutazama kama yu hai.

Alikuwa hai. Alikuwa amekaa sebuleni kwake anakata kucha za miguu juu ya gazeti.

"Kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Baba. Nimepita tu."

Akanitazama chini. "Umepita na ndara za chooni?"

Najua, mtu mzima, mfamasia, nawauzia watu dawa za presha na nawafunza namna ya kuzinywa, kisha nakimbia mjini na ndara za chooni kwa harufu ya chakula cha jirani. Lakini nyinyi wenzangu mliolelewa na mabibi mtanielewa. Yako mambo mtu akitiwa akiwa mdogo, hata asome mpaka macho yamtoke, hayamtoki.

Bibi yangu, mzaa baba, alitoka Unguja na mtoto mmoja tu mkononi, na mtoto huyo ndiye Baba. Hawajatimiza hata mwaka hapa Maskati, Baba akashikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Homa gani, hakuna aliyewahi kunambia. Bibi alisema "homa" basi, na kila akilitaja neno hilo alishusha sauti, kama kwamba homa yenyewe imo chumba cha pili inasikiliza. Siku kumi mtoto hali, hanywi, hajui nani anamshika. Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa ya mwanzo ya Rajab. Bibi akatandika msala, akaweka nadhiri: Mola akimpa mtoto wake, basi kila mwaka siku ile atachinja mbuzi, atapika boko-boko kwa mkono wake, atalitoa lote kwa watu, na maadamu mtoto yu hai, boko-boko hilo halitoingia kinywani mwake wala mwa mtu yeyote wa nyumba yake. Alasiri ile mtoto akaomba maji.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa karamu ya shukurani ya kwetu. Watu wengine wakishukuru hukaa pamoja wakala. Sisi tulipika, tukapakua, tukagawa, kisha tukakaa pamoja tukala mkate na jibini ya kopo, maana siku hiyo Mama hakupika kitu kingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani jibini ya kopo ndiyo chakula cha dini.

Na si kwamba tungelila siku nyingine. Bibi alikuwa hapiki boko-boko mwaka mzima ila siku ile moja. Iwe Idi, iwe harusi, watu wamwombe, wambembeleze, jawabu lake moja: "Langu nimeshalitoa." Tukila boko-boko, tulikula la watu. Na watu wenyewe wakitupa sahani walikuwa wakisema, tena bila ya huruma, "Lakini wapi na la Bibi yenu!"

Alikuwa akianza na alfajiri. Ngano imelala majini tangu jana, nyama ya mbuzi imekatwa, na jiko la kuni limewashwa uani nyuma, ijapokuwa ndani tulikuwa na la gesi. Rajab haikai mahali pamoja; mwaka mmoja ilituangukia kwenye baridi tukagombania kukaa karibu na moto, na miaka mingine ilituangukia kwenye joto lile la Maskati ambalo hata kuku hawatoki, na Bibi yuko mbele ya sufuria na kanga yake, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, hataki mtu amsaidie. Ngano na nyama zikishaiva mpaka zimejifia, ndipo unapokuja mwiko. Hapo alituita sote. Baba kwanza, amekunja mikono ya kanzu, kisha Mama, kisha mimi. Tulisonga kwa zamu, na Bibi akishasema "Toa mkono," unampisha mwenzako. Mvuke unakupiga usoni. Mimi nilikuwa nafunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yananiuma.

Mtauliza, chumvi aliijuaje? Alikuwapo Bi Salma. Huyu alikuwa jirani yetu, mtu wa Sidab, kijiji cha wavuvi cha hapa, Kiswahili kakijua kwa kuzungumza na Bibi juu ya ukuta, nacho alikizungumza kwa fujo, nusu Kiarabu. Kazi yake ilikuwa kuonja. Aliwekewa kigoda, akapewa kijiko, na sisi nyumba nzima tunamkodolea macho mdomoni.

"Chumvi bado," husema.

Bibi akatia. "Sasa?"

Bi Salma akaonja, akafumba macho, akanyamaza kwa makusudi, maana alijua tunavyongoja. "Wallahi, Bi Zuhura, mwaka huu umeshinda."

"Sema kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nimeapa, yaa ukhti! Nikuapie mara ngapi?"

Bibi akacheka cheko fupi, la aibu kidogo, akaanza kupakua. Baba ndiye aliyekuwa akipeleka. Anajaza gari masahani, mengine anayapakata, anakwenda msikitini, kwa mafundi waliokuwa wakijenga majumba upande wetu, mpaka Sidab kwa wajane ambao Bi Salma aliwajua. Mara nyingi nilifuatana naye. Watu walimshika mkono dirishani. "Leo mama'ako kaua! Hili lina nini ndani?" Baba anacheka, anashukuru. Akirudi nyumbani anakosha mikono anakula jibini yake.

Sasa mimi, kwa akili zangu za kitoto, maneno ya Bibi niliyageuza. Yeye alisema maadamu mtoto yu hai, chakula hakitoingia vinywani mwetu. Mimi nikafahamu kwamba maadamu chakula hakijaingia vinywani mwetu, Baba yu hai. Hakuna aliyenifunza hivyo. Nilijikalia peke yangu nikaona ndiyo maana yake. Nikajifanya mlinzi. Siku ile nilikuwa nakosha mikono mara nane, kumi, tonge likinirukia mkononi nalifuta kwa mchanga. Nilimpenda Baba vibaya sana, na nilijiona mimi ndiye ninayemweka duniani.

Mwaka niliokuwa na miaka minane, sufuria lilibaki uani tupu, na Rahma, mjukuu wa Bi Salma, rika langu, akawa analikwangua ukoko. Ukoko ulikuwa haki yao watoto wa jirani. Mimi nimesimama mbali, mikono nyuma.

"Nyinyi mnachekesha," Rahma akanambia, mdomo umejaa. "Mnapika, mnanusa, kama mapaka ya buchani."

"Tumeweka nadhiri."

"Bibi'ako kaweka. Wewe umeweka lini?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nikapiga magoti, nikatia mkono ndani ya sufuria, nikala. Nilikula matonge matatu. La nne liko mkononi, nikamsikia Bibi ndani ananiita. Nikalitupa, nikajifuta kwa gauni, nikakimbia. Sikufika hata mlangoni moyo wangu ukawa umeshaniambia: umemuua Baba.

Wiki ile, sijui niielezeje. Baba akilala mchana, nainama juu yake nasikiliza pumzi. Akikohoa, nalia. Asubuhi moja nilificha viatu vyake ndani ya pipa la mchele asende kazini. Akenda na ndara za mgeni na bado alifika. Mama alidhani nina minyoo, akanipa dawa ya minyoo. Shuleni mwalimu akaniuliza saba mara nane nikamjibu, "Hajambo." Darasa zima likacheka. Usiku sikulala, mchana sikula, na Bibi alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho.

Jumatano Baba akenda Qurayyat, ng'ambo ya milima. Kazi yake ilikuwa ya mabomba ya maji, kila wiki alikuwa na safari moja ya huko, kwenda na kurudi, alasiri yuko nyumbani. Saa sita mchana mawingu yakasimama juu ya milima. Wanaokaa Maskati wanajua mawingu yale. Mvua inanyesha huko mbali hata huioni, na wadi, lile bonde kavu, linageuka mto linashuka na mawe, magari, mbuzi na kila lililomo njiani. Alasiri ikapita. Simu za mkononi zilishaanza, lakini huko milimani zilikuwa hazishiki. Mama anapiga, anapiga. Jirani akaja akasema wadi limeshuka, njia ya Qurayyat imekatika, gari moja limechukuliwa. Gari gani, hajui. Mama akaanguka kwenye kochi.

Mimi nikenda jikoni. Bibi alikuwa anachambua mchele, ameinamia ungo, midomo inacheza kwa dua.

"Bibi, ni mimi."

"Wewe nini, mwanangu?"

"Nimelila boko-boko. Ukoko. Ijumaa. Na Rahma."

Nilitaraji kofi. Kofi ningelipokea kwa furaha. Au nilitaraji anicheke, anambie, mjinga we, Mola hafanyi hivyo, njoo hapa nikupakate. Nadhani hilo ndilo nililolifuata jikoni. Bibi hakunipiga wala hakucheka. Aliuweka ungo chini polepole. Uso wote ulimbadilika, ukawa wa mtu nisiyemjua.

"Ulimeza?" akaniuliza.

"Nilimeza."

"Kiasi gani?"

"Matonge matatu."

Akainuka, akashika ukuta, akaita kwa sauti kubwa, "Bi Salma! We, Bi Salma! Mwambie mwanao anitafutie mbuzi, sasa hivi!" Kisha akanigeukia, akanishika mabega yote mawili. "Baba'ako usimwambie. Umenisikia? Mpaka nife. Mtu hawezi kuishi akijua jambo kama hilo."

Wapenzi wangu, hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka saa ile nilikuwa na hofu ya kitoto, na hofu ya mtoto ina mahali pa kupelekwa: unaipeleka kwa mkubwa. Mimi yangu niliipeleka kwa Bibi nikamkuta na yeye anayo hiyo hiyo, kubwa kuliko yangu, tena ya miaka. Yale mapishi yote, ule mwiko, lile jasho, mimi nilidhani ni shukurani. Bibi alikuwa bado kasimama kando ya kitanda cha mtoto wa miaka minne, anahesabu pumzi.

Magharibi gari likaingia. Baba akashuka na kanzu imelowa mpaka magotini, analalamika: amekaa saa tatu ng'ambo ya wadi anangoja maji yapungue, hana hata biskuti. "Kuna chakula?" akauliza. Mama alilia, akampiga kifuani, akamkumbatia. Bibi hakumsogelea. Alimtazama kutoka mlango wa jikoni, kisha akaingia ndani akarowesha ngano.

Asubuhi Baba anaamka anakuta moto uani.

"Mama, si tumepika Ijumaa?"

"Mwaka huu nna shukurani mbili," Bibi akasema, wala hakuinua macho. "Kunja mikono usonge."

Baba akasonga. Akidhani ni kwa ajili ya wadi.

Tangu mwaka ule sufuria alilikosha Bibi mwenyewe, hakumwachia mtoto wa jirani wala nani. Na kila mwaka, Baba akiwa anapakia masahani garini, Bibi alikuwa akinitafuta kwa macho, na mimi namtafuta. Hatukulisema tena jambo lile. Nimesoma, nimeolewa, nimezaa, na Rajab ikija najua yuko mtu mmoja duniani asiyelala kama mimi. Lilikuwa jambo baya la kushirikiana na mtu, lakini niliposhirikiana naye halikunishinda.

Bibi katutoka mwaka huu, baada ya Idi ndogo. Alikwenda bila ya kusumbua mtu. Rajab hii ndiyo ya mwanzo bila ya yeye, na sasa wahaka wote ni wangu.

Basi juzi, nikiwa nimekaa na Baba na ndara zangu za chooni, nikamwambia, "Baba, Ijumaa inayokuja."

"Najua."

"Mbuzi nimeshamwagiza."

"Mwambie muuzaji asimlete." Akaendelea na kucha. "Nadhiri ilikuwa ya Mama, na mwenyewe keshakwenda. Nimemuuliza sheikh, kanambia haitulazimu kitu."

"Haitulazimu, sawa. Lakini tupike."

"Apike nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akacheka. "Wewe ambaye wali unakushinda?"

"Lazima tupike, Baba! Lazima!" Nilipiga kelele. Mimi sijawahi kumpigia Baba kelele maisha yangu. Akaiweka mashine ya kucha juu ya gazeti, akanitazama, na nikaona kwamba ameona.

"Una nini wewe? Toka mdogo, Rajab ikija unakuwa kama mtu aliyeibiwa."

Bibi alisema mpaka nife. Keshakufa. Nikamwambia. Nilimwambia yote, sufuria, Rahma, viatu ndani ya mchele, Bibi na mikono yake mabegani mwangu, mbuzi wa pili. Nilikuwa nalia kama mtoto wa miaka minane, na huku nalia najiona mpumbavu, na huku najiona mpumbavu nasikiliza pumzi zake.

Baba alilikunja gazeti polepole, kucha zikabaki ndani. Ana miaka karibu sitini sasa, ndevu zote nyeupe, na mimi sikuweza kuujua uso ule unataka kufanya nini.

"Mbuzi wa wadi," akasema.

"Ndiye."

"Masikini mama yangu. Miaka yote ile." Akapangusa macho kwa mkono wa kanzu. Kisha akanigeukia ghafla. "Kwa hivyo wewe umelila."

"Nimelila. Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akasogea karibu mpaka magoti yetu yakagusana. "Sikiliza. Mimi miaka hamsini na kitu nalisonga lile boko-boko. Nalipakata linaniunguza mapaja. Watu wananishika mkono dirishani, wananisifia, nami nacheka tu, sijui wanasifu nini. Mama mwenyewe sikuweza kumuuliza, na yeye hajui. Hakuna aliyekuwa akijua ladha yake nyumba hii." Akanishika mkono. "Lilikuwaje?"

Nikafungua mdomo kumwambia lilikuwa tamu. Nikaona hilo alishaambiwa na kila mtu.

"Limeungua, Baba," nikamwambia. "Nilikula ukoko. Mwanzo ni uchungu, wa kuungua, unashika ulimi. Ukitafuna ngano inaachia, inakuwa laini, na nyama huioni lakini imo. Samli inakuja nyuma. Na alitia mdalasini, kidogo tu, unaufikia mwisho, umeshameza ndio unaujua. Na chumvi, Bi Salma alisema kweli. Chumvi ilikuwa sawasawa."

Baba alikuwa amefumba macho. Koo lake likapanda, likashuka.

"Sema tena," akanambia. "Sema polepole."